Hicho Si Kifoinike, Ni Kiebrania Kimevaa Kofia

Wasee, kuna kitu kinanikera na leo nakitoa. Mtu anajitangaza eti amebuni Kifoinike cha kisasa, yaani lugha ambayo wajukuu wa Tiro, Sidoni na Karthago wangekuwa wanaongea leo kama haingekufa. Wazo tamu sana. Halafu unafungua sarufi yake, unapata ni Kiebrania kilekile, amebadilisha tu maneno mawili matatu.

Zii. Huo ni uvivu.

Najua, hizo lugha mbili ni ndugu wa karibu. Lakini ndugu si pacha. Kwa "kuwa", Kiebrania kina haya; Kifoinike kina KN, kama kana ya Kiarabu. Malkia kwa Kiebrania ni malka, ile T ya kike imedondoka. Wafoinike waliishikilia, wakaandika MLKT. Na kauli ya kutendesha, kama sisi tunavyotoa "laza" kwa "lala"? Kitenzi cha Kiebrania kinaanza na H, cha Kifoinike na Y. Maandishi ya Karatepe, huko Uturuki, ya karne ya 8 kabla ya Kristo, yana YRHB kwa maana ya kupanua. Imechongwa kwa jiwe, na bado unaandika H!

Utaniambia, "Lakini hawakuandika irabu, tutajuaje?" Kweli, herufi zao ni 22, zote konsonanti. Lakini Warumi waliwasikia. Mwamuzi kwa Kiebrania ni shofet. Watawala wa Karthago, Warumi waliwaita sufetes. Pale Kiebrania kina O, wao wana U. Basi anzia hapo, ujiulize hiyo U ingefika wapi baada ya miaka 2,000. Hapo ndipo ubunifu ulipo.

Mbona Mkenya nijali? Kwa sababu nimechoka kuambiwa Kiswahili ni Kiarabu, eti tunasema "kitabu". Hebu weka wingi: Mwarabu anasema kutub, sisi vitabu. Neno tuliazima, lakini likifika kwetu linafuata ngeli zetu za Kibantu. Sarufi ndiyo inasema lugha ni ya nani.

Sisi tuko hai, tunaweza kujitetea. Mfoinike hawezi. Kwa hivyo ukitaka kumrudishia sauti, mrudishie yake, si ya jirani.