Kusema Lugha Tano Hakutoshi

Kuna jambo linalonikera tangu likizo iliyopita.

Kaka yangu ana shahada ya kwanza. Mwaka jana alipeleka maombi katika vyuo vikuu vitatu vya ng'ambo, apate kusoma shahada ya juu katika elimu ya lugha, ile iitwayo isimu. Vyote vitatu vilimkataa. Nyumbani tulisikitika sana, maana ada ya maombi ilikula fedha ambazo Baba alikuwa ameziweka kwa mabati. Wengine walisema ni bahati mbaya, wengine kwamba watu wa kwetu hawapokelewi. Mimi nilimwomba kaka anionyeshe barua yake. Niliisoma mara mbili, na ijapokuwa yeye ni mkubwa wangu, sina budi kusema kweli: hata mimi ningeikataa.

Barua ilisema kwamba anapenda lugha tangu utoto, na ya kuwa anasema lugha tano. Basi! Hapa mpakani ni nani asiyesema lugha nyingi? Mama avukaye kila asubuhi kupeleka nyanya Goma ana Kinyarwanda, ana Kiswahili, na Kifaransa cha kutosha kubishana na askari, wala hakuna aliyempa shahada. Isimu yauliza jambo jingine: lugha yenyewe imejengwaje?

Chukueni mfano. Kwa Kinyarwanda twasema kugenda, kubona, kurya, lakini twasema gusoma, guteka, gukora. Kwa nini mara ku, mara gu? Hakuna mtoto wa Rwanda anayekosea hapo, lakini nilipouliza bwenini hakuna aliyejua sababu, na mmoja alinitupia kiatu. Wekeni vidole kooni mseme z, kisha mseme s. Kwa z koo hutetemeka, kwa s hutulia. Silabi inayofuata ikianza kwa sauti ya koo tulivu, kama s, t au k, ile k ya mwanzo hugeuka kuwa g. Wataalamu huiita Kanuni ya Dahl, kwa jina la mmisionari Mjerumani aliyekaa Unyamwezi. Mgeni aliiona, nasi tunaoitumia kutwa hatukuiona. Katika barua ya kaka hamkuwa na neno hata moja la Kinyarwanda.

Alexandre Kimenyi, mzaliwa wa Rwanda, hakufanya hivyo. Alipata udaktari wa isimu mwaka 1976 katika Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, na kazi aliyoiandika ilikuwa juu ya sarufi ya Kinyarwanda. Ilipigwa chapa mwaka 1980, na wataalamu wasiowahi kuiona Rwanda huchota mifano humo. Alifundisha Sacramento, akafariki mwaka 2010. Alikwenda na lugha ya mama yake mkononi, wakaihitaji.

Najua vyuo hutaka pia barua za walimu na insha ya mfano, na vingi vya Marekani hufunga mlango Desemba au Januari. Lakini mwalimu asiyekujua ataandika nini? Kwamba wewe ni mpole na huchelewi darasani. Hizo ni sifa za mlinzi wa lango. Ataandika vema yule uliyempelekea swali ambalo yeye mwenyewe lilimshinda. Wala si lazima kwenda mbali: Dar es Salaam wana TATAKI, ambayo asili yake ni kamati ya mwaka 1930, na hutoa shahada za juu za Kiswahili. Baba asema elimu hii haijazi sufuria. Yawezekana. Lakini Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na sioni vitabu vyake vitaandikwa na nani.

Mimi nimeanza daftari. Ukurasa wa kwanza ni juu ya Goma, ambako husema batoto badala ya watoto. Niliandika kwamba ba hiyo wameipata kwetu, kwa kuwa sisi twasema abana. Nilijisifu siku mbili. Kisha mwenzetu aliyelelewa Lubumbashi akaniambia kwamba kwao pia ni batoto, na toka huku hadi Lubumbashi ni mbali mno. Nikafuta, nikaandika swali mahali pa jibu.

Kaka ataomba tena mwaka huu. Juzi alinipigia simu, akauliza kama daftari lile naweza kumwazima. Nimekubali, lakini alirudishe kabla sijarudi shuleni, maana sijalimaliza.