Mchi Nyuma ya Mlango

Mwezi huu nawaletea jambo ambalo mimi na baba watoto tumelibishania wiki nyingi: tununue bastola, au tusinunue?

Ilianza mwishoni mwa Septemba. Jirani tunayepakana naye ukuta alivunjiwa mlango usiku. Mwenyewe alikuwa kazini, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Wezi waliondoka na televisheni na kompyuta. Asubuhi baba watoto alisimama nje akiutazama mlango ule uliopasuka, hakusema kitu. Jioni ndipo aliposema.

"Mama watoto, wangeingia kwetu je? Mimi nina nini mkononi?"

Nikamjibu kwa mzaha kwamba tuna mchi. Mchi wenyewe niliubeba kwenye sanduku kutoka Tanga, na siku ile uwanja wa ndege alinicheka mpaka machozi yakamtoka. Safari hii hakucheka. Usiku nilimwona anautoa jikoni na kuuegemeza nyuma ya mlango wa chumba chetu.

Mzee wa nyumba ya mbele, Mmarekani mstaafu, mtu mwema ambaye hutuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, alimwelekeza duka la bunduki. Hapa Ohio si safari ndefu. Tangu Juni 2022, mtu aliyefikisha miaka 21 na ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza hata kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote. Sisi tuliokulia nyumbani, ambako leseni ya bunduki huombwa na mwombaji huchunguzwa, tunaliona jambo hili kama ndoto. Kwa wenzetu wa huku ni haki iliyoandikwa kwenye Katiba yao tangu 1791, na wengi wanaithamini kwa dhati. Siwadharau.

Basi mume wangu akaanza kuweka pesa kando.

Wiki tatu baadaye, kama saa saba za usiku, tulisikia dirisha la jikoni linasukumwa. Nilimshika mkono nikimwambia tupige simu polisi. Akaniponyoka, akauchukua mchi, akashuka ngazi bila kuwasha taa. Nikasikia kishindo, kisha sauti: "Baba, ni mimi! Baba!"

Alikuwa kijana wetu wa miaka 16. Alitoka kazini kwake mgahawani, funguo kasahau, simu imezimika, akaona asituamshe. Mchi ulimpata begani. Alifungwa mkono kwa kitambaa wiki mbili, akapona. Lakini usiku ule baba yake aliketi kwenye sakafu ya jikoni kamkumbatia, analia. Hata kwenye msiba wa mama yake sikumwona akilia vile.

Nilidhani habari ya bastola imekwisha. Haikuisha. Siku kadhaa zikapita, akaniambia: "Lile lilikuwa kosa langu, ningewasha taa. Lakini mwizi wa kweli bado yuko nje. Na hapa watu wanasema, kila mtu akiwa na bunduki, mwizi huogopa."

Neno lake lilistahili jibu, si kelele. Nikakaa na takwimu, na haya ndiyo niliyompa.

Marekani ina bunduki za raia nyingi kuliko idadi ya watu wake. Makadirio ya mradi wa Small Arms Survey ya mwaka 2017 yalikuwa kama milioni 393. Ingekuwa bunduki peke yake humfukuza mwizi, nchi hii ingekuwa tulivu kuliko zote. Ingekuwa bunduki peke yake huzaa uhalifu, kila bunduki mpya ingepandisha hesabu. Hakuna kati ya hayo lililotokea. Mwaka 1991 mauaji yalikuwa 9.8 kwa kila watu 100,000. Kufikia 2014 yalikuwa yameshuka chini ya 5, ingawa bunduki zilizidi kununuliwa miaka yote hiyo. Mwaka 2020 yakaruka kwa karibu asilimia 30, na mwaka huo huo watu walikuwa wakinunua bunduki kwa wingi usio wa kawaida. Baadaye yakashuka tena kwa kasi, na bunduki zile zimebaki majumbani.

Wataalamu nao wamegombana. Mwaka 1998 John Lott alitoa kitabu akidai kwamba raia wakiruhusiwa kubeba silaha uhalifu hupungua. Jopo la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani likaupitia ushahidi, na mwaka 2004 likasema hautoshi kuthibitisha kwamba sheria hizo zinapunguza uhalifu, wala kwamba zinauongeza. Uswisi nayo ina bunduki nyingi majumbani kwa hesabu za Ulaya, na mauaji yake ni machache. Kwa hiyo anayekwambia jambo hili ni jepesi, wa upande huu au ule, mpe chai umsikilize, lakini usimwachie uamuzi.

Ila kuna jambo moja ambalo kila nilipogeuka nililikuta. Franklin Zimring na Gordon Hawkins, katika kitabu chao cha 1997, walionyesha kwamba kwa wizi na uvunjaji wa nyumba Marekani haikuwa na tofauti kubwa na nchi nyingine tajiri. London iliibiwa kama New York ilivyoibiwa. Tofauti ilikuwa kwenye maiti. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, Zimring alichunguza mashambulizi ya Chicago akakuta la bunduki liliua kama mara 5 zaidi ya la kisu, ingawa ugomvi uliowaingiza watu humo mara nyingi ulikuwa ule ule. Hasira za Wamarekani si kali kuliko zetu. Zinapolipuka tu, kilicho karibu na mkono ni kingine.

Nikamwambia baba watoto: "Ulipofika jikoni ulikuwa na hofu ile ile ya baba yeyote. Ungekuwa na bastola, hofu isingebadilika."

Akanyamaza. Nikaendelea, kwa sababu yaliyobaki ndiyo yaliyoninyima usingizi mimi.

Mwaka 1993 watafiti wakiongozwa na Arthur Kellermann walichapisha uchunguzi wa mauaji yaliyotokea majumbani katika kaunti 3, mojawapo ikiwa ya hapa Ohio, ile ya mji wa Cleveland. Walilinganisha nyumba hizo na nyingine za mitaa ile ile. Penye bunduki, uwezekano wa mtu kuuawa nyumbani ulikuwa karibu mara 3, na muuaji kwa kawaida alikuwa ndugu au mtu wa karibu, si mgeni wa dirishani. Wapo wanaoupinga, wakisema huenda mwenye hatari tayari ndiye anayenunua bunduki. Ni hoja ya haki. Lakini haiipi bunduki sifa ya kumkinga mtu.

Halafu kuna hili ambalo sisi Waswahili hatupendi kulitaja. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani. Zaidi ya nusu yao hawakuuawa na mtu; walijiua. Na tangu 2020 bunduki ndiyo inayoongoza kwa kuua watoto na vijana wa nchi hii, mbele ya ajali za magari. Anayejaribu kujiua kwa bunduki ni nadra kupona, na walionusurika kwa njia nyingine wengi wao hawafi kwa kujiua baadaye. Saa ile mbaya hupita, mtu akijaliwa kuivuka. Nina kijana wa miaka 16 ambaye mwaka jana alikaa mwezi mzima hali vizuri wala hasemi, nami sikujua kwa nini. Nikifikiria mwezi ule, na sanduku la bastola chini ya kitanda chetu, moyo unaniruka.

Wanafunzi wangu, nanyi msikilize. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida hakatazwi tu kununua bunduki hapa Marekani. Hata kuwa nayo ni kosa la serikali kuu. Vighairi ni vichache, kama leseni ya kuwinda. Hata mwenye kadi ya kijani, akipatikana na hatia ya kosa la bunduki anaweza kufukuzwa nchini. Rafiki akikwambia "nishikie kidogo," usishike. Na uzito ukikuzidi, usikae nao peke yako chumbani: hapa piga au andika ujumbe kwenda 988, Uingereza piga 116 123. Usione haya.

Wazazi, kuna swali nimejifunza kuliuliza. Mtoto akialikwa kulala kwa mwenzake, napiga simu: "Samahani, nyumbani kuna bunduki? Imefungiwa, na risasi ziko mbali nayo?" Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito, kwetu mgeni haulizi vya ndani. Mama wa upande wa pili hakuudhika. Alinishukuru, na tangu hapo naye huwauliza wengine. Ikiwa wewe mwenyewe unayo, nami sikuhukumu, ifungie kwenye sefu bila risasi, na watoto wasijue namba.

Sisi hatukununua. Pesa zilizowekwa kando zilitengeneza kufuli jipya, vyuma vya mlango na taa inayojiwasha mtu anapokaribia. Funguo ya akiba iko kwa mzee wa mbele, ambaye alimsikiliza baba watoto mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema yeye hataiuza yake, ila amenunua sefu kwa ajili ya wajukuu.

Mwizi anaweza kuja bado, sikumficha mume wangu hilo. Akija, atachukua televisheni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa natafuta kitu cha kutwangia karanga za mchicha. Kabla sijapanda ngazi kuufuata mchi, nikaukuta jikoni, umeoshwa, umesimama ndani ya kinu chake.