Ngoma ya mtoni haiingii yote katika simu

Bila shaka unaikumbuka Machi 2020. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa humu nchini, na haukupita muda shule zikafungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku na kafyu ikaanza. Mijini, vikundi vya maigizo na muziki havikukawia kuhamia mitandaoni. Mwenye simu nzuri na bando alitazama tamasha akiwa sebuleni na watoto wake, kikombe cha chai mkononi.

Sasa twende pamoja hadi Garsen. Aprili mwaka huo Kaunti ya Kilifi ilifungwa, nayo ndiyo inayopitiwa na barabara ya kuelekea Malindi na Mombasa. Haikufunguliwa hadi Julai. Juu ya hayo, masika yakaleta mafuriko. Julai hiyo hiyo kampuni ya Loon ilianza kurusha baluni za kusambaza intaneti, lakini zilihudumia magharibi na kati ya nchi. Watu wa mtoni hazikuwahusu. Hebu mwambie mtu wa hali hiyo kwamba ngoma sasa iko mtandaoni!

Na hata mtandao ungekuwapo, ngoma ya kikundi ina matata yake. Wimbo wa kuitikizana unataka watu wasikiane papo hapo. Kwenye simu sauti huchelewa kidogo njiani. Wa upande huu akipiga makofi, wa upande wa pili huyasikia yameshapita, naye akijibu, jibu lake huchelewa tena. Baada ya ubeti mmoja kila mtu anaimba wimbo wake. Ndiyo maana vikundi vingi vilivyoonekana vikiimba pamoja wakati ule kwa kweli vilikuwa vimerekodi mmoja mmoja, kisha fundi akaziunga sauti zile. Kazi safi, lakini si ngoma. Katika delta ya Tana, ambako mapigano ya Wapokomo na Waorma ya mwaka 2012 yaliua watu zaidi ya 100, kukaa uwanja mmoja na kutazamana mkicheza si jambo dogo. Klipu haiketishi watu pamoja.

Kuna kisa kingine, na hiki kinanikera zaidi. Wapokomo walikuwa na ngoma yao takatifu, Ngadji. Haikuwa ya kutazamwa ovyo: wazee wachache tu ndio walioiona, wengine waliisikia mlio wake ukivuma kutoka mafichoni. Wakoloni Waingereza waliitwaa, na tangu 1908 imo mikononi mwa makumbusho ya British Museum, London, ambako imekaa stoo zaidi ya miaka mia moja. Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia, makumbusho hayo yalifungua upya hifadhi yao ya mtandaoni yenye vitu karibu milioni 4.5. Lo! Ngoma iliyosikika bila kuonekana ikawa kitu cha kutazamwa picha na kisichosikika kamwe.

Wasanii wetu hawakukaa kimya. Kikundi cha The Nest cha Nairobi, pamoja na Makumbusho ya Kitaifa na washirika wa Ujerumani, waliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo ng'ambo, na Machi 2021 wakafungua maonyesho jijini. Tarehe 26 mwezi huo Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa. Mzee wa Garsen aliyetamani kuyaona hangeweza kuingia.

Hata hivyo, simu si ya kutupwa. Sauti moja huingia humo vizuri sana: hadithi, kitendawili, wimbo wa kubembeleza mtoto. Usidharau wimbo wa kubembeleza, msomaji. Muziki wa wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ulitokana na wimbo wa aina hiyo wa Wapokomo. Na wanaozijua nyimbo hizi ni wazee, wale wale ambao korona iliwawinda zaidi, na ambao tuliambiwa tusiwakaribie.

Basi ikiwa una bibi au babu Garsen, Hola au Ngao, usingoje janga jingine. Mpigie Jumapili jioni, baada ya jua kupoa. Aliye karibu naye arekodi sauti tu, asihangaike na video, kwani sauti hula bando kidogo na hufika hata mtandao ukiwa dhaifu. Wakae ndani, redio izimwe, simu iwekwe karibu na mdomo. Mwishoni mzee ataje jina lake, kijiji chake, na nani aliyemfunza wimbo huo. Nakili kwenye kadi mbili, zikae nyumba mbili tofauti.

Na kabla hujausambaza, muulize. Akisema wimbo huu ni wa nyumbani tu, basi ubaki nyumbani.