Tusinunue Taa, Tununue Nyundo

Vijana wenzetu wa hapa Kakuma, someni mpaka mwisho ndipo mkasirike.

Pesa ya kinanda imetimia. Tumechanga miezi minane. Kuna aliyetoa posho yake ya kujitolea, kuna aliyeuza kuku, na kwaya tatu zimeongezea. Sasa kelele imehamia kwenye kuchagua. Wengi wenu mnataka kile cha vibonyezo 61 mlichotumiana picha yake: kina sauti mia kadhaa, kina ngoma za rumba ndani, na kinawaka taa. Sisi tunaofundisha watoto kila Jumamosi tunasema hapana. Tunataka kontrola ya vibonyezo 88 vyenye uzito, vya nyundo. Haina ngoma, na bila laptopu haitoi sauti hata moja.

Mmetucheka sana. "Ati mnataka kinanda bubu!" Ndiyo, tunakitaka, na sababu tunayo.

Mwaka jana dada yetu mmoja, mpigaji bora tuliye naye, alipata kibali cha kutoka kambini, akaalikwa kupiga kanisani Nairobi. Huko akakuta piano yenyewe, ile ya mbao. Nyimbo alizijua zote. Alipoanza, noti nyingine hazikutoka kabisa, na zilizotoka moja ilipiga kelele, inayofuata ikanong'ona. Alisimama katikati ya wimbo akaomba radhi. Aliporudi alituambia, "Niliona kama nimeazima vidole vya mtu."

Nani alimfundisha? Ni sisi. Kwa kinanda gani? Kile cha plastiki tulichopewa, ambacho ukikigusa kama yai au ukikipiga ngumi, sauti ni ileile. Miaka minne alikuwa anajifunza mahali pa kuweka vidole, lakini namna ya kubonyeza hakufundishwa na mtu. Hiyo aibu ni yetu, si yake.

Tuelezane kidogo. Karibu mwaka 1700, fundi Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, alitengeneza piano. Vinanda vya nyuzi vilivyotawala kabla yake vilikuwa vinavuta uzi na kuuachia, kwa hiyo nguvu ya kidole haikubadilisha sauti sana. Yeye akaweka nyundo ndogo zinazopiga uzi. Ndiyo maana jina pianoforte kwa Kitaliano linataja sauti ndogo na sauti kubwa. Yaani kile kinanda chetu cha plastiki kimeturudisha nyuma miaka mia tatu!

Kwenye piano iliyotunzwa vizuri, kibonyezo kinataka karibu gramu 50 ndipo kishuke. Upande wa besi ni kizito zaidi, na kinazidi kuwa chepesi ukienda juu. Kontrola ya nyundo inaiga jambo hilo. Ndani mna uzito unaonyanyuka ukibonyeza, na sensa zinapima kasi ya kibonyezo. Kasi hiyo inatumwa kwa laptopu kama namba, kuanzia 1 hadi 127, kwa lugha ya MIDI ambayo vyombo vya muziki vinaitumia tangu 1983. Laptopu ndiyo inayotoa sauti.

Mtasema hata vinanda vyepesi vya siku hizi vinapima kasi. Kweli, vingi vinapima. Lakini chini ya kidole kuna springi tu, kidole hakina cha kuegemea, kinabahatisha. Uzito ndio unaomwambia mtoto, "hapa umesukuma mno, hapa umeogopa."

Haya, malalamiko yenu tuyajibu.

Umeme. Kontrola nyingi zinakula umeme wa USB kutoka kwa laptopu. Sola ikizimika, betri ya laptopu yetu ya kurekodia kwaya inabeba vyote viwili. Kwa hilo tunawashinda nyinyi wa adapta.

Muziki wetu. Hapa tunakubali: mtu wa ogani, au anayetaka kuteleza haraka kwenye sebene, vibonyezo vyepesi vinamfaa zaidi. Lakini aliyezoea vizito huhamia vyepesi bila shida kubwa. Kurudi upande wa pili ni kazi, muulizeni dada yetu.

Uzito wa mzigo. Ndiyo, ni kilo kumi na kupanda. Utakuja kwa basi, Kitale, Lodwar, mpaka hapa. Tumeshabeba mizito kuliko huo.

Lalamiko la nne hamlisemi kwa sauti, lakini tunalisikia: kwamba sisi ni wakimbizi, kitu chochote kinatosha. Mgeni akisema hivyo tunakasirika. Mbona tukijiambia wenyewe tunaita hekima? Mara hii hatukupewa. Pesa ni yetu na tunachagua wenyewe, halafu tuchague kama watu waliozoea kupokea masalio?

Sasa, tukikubaliana, tusiibiwe dukani. Namba 88 peke yake haitoshi. Kampuni moja, M-Audio, inauza Keystation 88 yenye vibonyezo vyepesi na Hammer 88 yenye nyundo. Namba moja, vitu viwili tofauti. Wakikuandikia "nusu uzito" jueni ni springi. Jina la nje nalo lisiwatishe, kwa sababu brandi kadhaa zinanunua vibonyezo vyao kwa kampuni ya Fatar ya Italia. Ulizeni ndani mna nini.

Atakayetumwa Nairobi aende na vidole vyake. Abonyeze polepole sana: je, sauti ndogo inamtii? Arudie noti moja harakaharaka bila kuachia kibonyezo kipande chote: zinatoka zote? Abonyeze pia kwa ndani, karibu na vile vyeusi; kwenye mashine mbaya hapo pamekaza kama mlango wa chuma. Asikilize kama vinagonga kama vijiko. Aulize pedali, maana mara nyingi inauzwa kando. Na aende na laptopu yetu ileile. Ikiwa ni ya Windows, aweke kwanza ASIO4ALL, programu ya bure, maana bila draiva nzuri unabonyeza sasa na sauti inakuja imechelewa, na mtoto atadhani kosa ni lake.

Ikifika, kitenge juu yake kila jioni. Vumbi la huku mnalijua.

Jumamosi hii tunapiga kura baada ya mazoezi ya kwaya. Anayetaka taa aje aseme, tutamsikiliza. Lakini kabla ya kunyoosha mkono, awatazame wale watoto kumi na wanne wanaokaa benchi la mbele wakisubiri zamu. Siku moja mmoja wao atapata kibali, atakaa mbele ya piano ya mbao, na sisi hatutakuwepo kumwombea radhi.