Mfamasia atoke dirishani, aje wodini

Wiki hii nina neno na nyie mnaodhani mfamasia ni yule bwana wa dirishani anayehesabu vidonge, anavitia kwenye bahasha na kuandika "moja mara tatu". Mtaani kwetu anaitwa muuza dawa tu, na akichelewa kidogo foleni nzima inamtolea maneno.

Nisikilizeni. Daktari ni binadamu. Ana wagonjwa kibao, usiku hakulala, na mwandiko wake ndio ule, utadhani kuku kapita. Sasa chukua mzee mmoja wodini, mgonjwa wa moyo, anatumia warfarin ili damu isigande. Tumbo likamchafuka, akaandikiwa Flagyl, hii hii tunayoijua wote. Nani atashtuka? Kumbe Flagyl inachelewesha warfarin kuisha mwilini, nguvu yake inapanda, na mzee anaweza kuvuja damu hadi kwenye ubongo. Kila dawa peke yake haina tatizo. Balaa ni zikikutana.

Hapo ndipo anapotakiwa mfamasia wa kliniki, yule anayezunguka wodini pamoja na madaktari. Anasoma faili, anauliza mgonjwa ana kilo ngapi, figo zikoje, nyumbani anameza nini (na mitishamba pia, msifiche!).

Ushahidi upo. Hospitali ya Massachusetts General, huko Boston, Marekani, walimweka mfamasia kwenye mzunguko wa asubuhi katika wodi ya wagonjwa mahututi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1999: madhara yaliyotokana na dawa kuandikwa vibaya, yale ambayo yangeweza kuepukwa, yalipungua kwa asilimia 66. Yalikuwa 10.4 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, yakashuka hadi 3.5. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni kingine: mapendekezo yaliyotolewa yalikuwa 366, na madaktari wakakubali 362. Halafu watu wanasema madaktari hawashauriki!

Kwa hiyo ukiona mtu wa koti jeupe anamhoji mgonjwa wako juu ya vidonge, usimnunie. Na kama wodini hayupo, uliza dirishani: "Hii na ile anayotumia, zinaenda pamoja?" Majuzi nilimuuliza hivyo dada mmoja mfamasia kwa ajili ya bibi yangu. Akaacha foleni, akafungua kitabu chake dakika tano nzima. Nyuma yangu watu walinisema weee! Dawa moja ikarudishwa kwa daktari.