Roboti ya Kumtembeza Mtoto: Ifanyalo na Isilolifanya

Juma hili twazungumza na wazazi wa kambini na wa kota za polisi wenye mtoto asiyetembea, au atembeaye kwa shida, kwa sababu ya mtindio wa ubongo. Wengi wamepata kusikia kwamba ng'ambo ipo roboti ya kumtembeza mtoto wa namna hiyo, na wako wanaofikiri kuuza shamba ili wampeleke. Kabla ya kuuza, yafaa kujua roboti hiyo inafanya nini.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Mtindio wa ubongo ni dhara liupatalo ubongo ungali mchanga: tumboni, wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au baadaye kwa manjano kali, homa ya uti wa mgongo, ama malaria iliyopanda kichwani. Si uchawi, wala si kosa la mama. Uchunguzi wa wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, uliotangazwa mwaka 2017, ulikuta watoto wapatao 3 katika kila 1000. Dhara la ubongo haliongezeki, lakini mtoto asipotunzwa misuli hukaza na viungo hupinda.

Roboti iliyo mashuhuri ni Lokomat, iliyobuniwa Zürich, nchini Uswisi. Mtoto huvikwa mikanda mwilini, akaning'inizwa ili miguu isibebe uzito wote. Chini yake upo mkanda mpana unaozunguka. Miguu hufungwa kwenye vyuma vyenye mota penye nyonga na magoti, na kompyuta huviongoza vyuma hivyo vipige hatua zilizo sawa. Mbele yake huwekwa mchezo wa picha ili asichoke upesi. Faida yake ni wingi wa hatua: kwa muda mfupi mtoto hupiga mamia ya hatua, ambazo mtaalamu angechoka kumwinulia miguu kwa mikono.

Hata hivyo, si kila mtoto awezaye kuingizwa humo. Mfupa wa paja sharti ufikie sentimita 21, yaani umri wa miaka 4 hivi. Mwenye nyonga iliyoteguka, vidonda vya ngozi, au kifafa kisichotulizwa na dawa, hawekwi.

Je, mtoto hutoka humo akitembea? Hapa ndipo penye ukweli ambao mzazi anastahili kuambiwa. Uchunguzi wa Poland uliotangazwa mwaka 2013 haukuona tofauti ya wazi kati ya watoto wa roboti na wale wa mazoezi ya kawaida. Nao wa Uswisi wa mwaka 2020, uliofanywa kwa watoto wachache, haukuona kwamba wiki 5 za roboti peke yake ziliwaongezea uwezo wa kutembea. Kwa hiyo basi, roboti ni chombo cha kusaidia mazoezi, nayo haiponyi ubongo. Mtoto hujifunza zaidi atendapo jambo mwenyewe, kwa jitihada yake, mahali anapoishi. Kinachofaa ndani ya mashine ile ni kurudiarudia, na kurudiarudia hakuuzwi Zürich peke yake.

Wazazi wafanye nini? Kwanza, mwulizeni mganga mtoto yuko ngazi gani. Tangu mwaka 1997 hutumika kipimo cha ngazi 5 kilichotungwa Kanada: wa ngazi ya 1 hutembea bila msaada, na wa ngazi ya 5 husafirishwa katika kiti cha magurudumu. Ngazi hiyo itawaonyesha lengo la haki, na kiti si aibu, kwani humfikisha mtoto shuleni na kwa wenzake.

Pili, chagueni na mtaalamu wa mazoezi ya viungo jambo moja lenye maana nyumbani, kama kuinuka kitini au kufika mlangoni, mlirudie kila siku. Fundi seremala aweza kutengeneza vyuma sambamba vya miti, au kigari cha kusukuma, kwa vipimo vya mtaalamu. Mtoto akilia kwa maumivu, acheni, mkaulize.

Tatu, baba apatapo uhamisho, kitabu cha hospitali cha mtoto kisafiri pamoja na mizigo ya kwanza. Miezi mitatu bila mazoezi katika kambi mpya yaweza kukaza misuli iliyolegezwa kwa mwaka mzima. Na baba alipo likizo, zamu ya mazoezi iwe yake. Mgongo wa mama nao huchoka.

Ikiwa siku moja roboti itapatikana karibu nanyi, mtumieni kwa furaha na pamoja na mazoezi mengine. Lakini shamba lililompa mtoto chakula lisiuzwe kwa ajili ya wiki 5. Haba na haba hujaza kibaba, na hatua za mtoto huyu huhesabiwa hivyo hivyo.