Kiazi Kimefukuzwa Jimu kwa Kosa Gani?

Kiazi kitamu cha kuchemsha kimefukuzwa jimu. Kimeondoka na muhogo, gimbi na ndizi za kupika. Ugali haukupewa hata nafasi ya kujitetea, na maharage yametangazwa kuwa sumu. Aliyetoa hukumu ni kijana mwenye fulana ya kubana anayejiita kocha. Amesoma mahali kwamba binadamu wa zama za mawe hakula wanga, basi nawe ukitaka kifua kipana na tumbo bapa, acha wanga. Mlo huo unaitwa paleo, na kila Januari waumini wake wanaongezeka, Dar es Salaam hadi Nairobi.

Nasema wazi: kwa mtu anayenyanyua vyuma, mlo huo kama unavyohubiriwa kwetu ni upuuzi wa gharama kubwa. Sisemi wote ni mbaya. Kuacha soda, chipsi, mandazi na juisi za boksi ni jambo la maana, na paleo ipewe sifa yake kwa hilo. Samaki, mayai, mchicha, matunda: nani atabisha? Ubaya unaanza pale kiazi kinapotiwa kapu moja na soda.

Tazama kinachotokea. Mwanafunzi wa kocha huyu anaacha wanga, na ndani ya wiki mbili amepungua kilo mbili tatu. Anashangilia, anajipiga picha mbele ya kioo. Sehemu kubwa ya kilichomtoka ni maji! Misuli na ini huhifadhi wanga katika umbo la glaikojeni, jumla yake kama gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa na gramu tatu hivi za maji. Glaikojeni ikipungua, maji nayo yanaaga. Mizani imeshuka, mafuta ya kiunoni yapo palepale yanamsikiliza akijisifu.

Halafu chuma kinaanza kuwa kizito. Anayeinua mzigo mkubwa mara moja au mbili kisha akapumzika hatahisi tofauti sana, maana kazi ya sekunde chache huendeshwa na akiba nyingine ya msuli, ya kreatini, ambayo nyama na samaki wanayo. Lakini vijana wetu hawafanyi hivyo. Wao wanapiga seti za mara nane, kumi, kumi na mbili, mfululizo, miguu ikitetemeka, na kazi ya namna hiyo inakula glaikojeni. Anayeingia mazoezini akiba yake ikiwa chini, seti ya mwisho inamshinda. Na asiyeweza kuongeza kazi wiki hadi wiki haongezi msuli, hata akila ng'ombe mzima.

Sasa njoo kwenye njaa yake, kwa sababu hapo ndipo kitambi kinapopatikana. Kocha amemwambia korosho ni halali, parachichi ni halali, nazi ni halali, nyama yenye mafuta ni halali, kula ushibe. Naye anatii. Kiganja kimoja cha korosho, gramu 30 tu, kina kalori kama 165. Nani anakula kiganja kimoja? Mfuko upo mezani ofisini, mkono unakwenda wenyewe, na jioni vimekwisha viganja vinne: kalori 660. Ongeza parachichi zima, karibu 300. Ongeza vijiko viwili vya mafuta ya nazi kwenye kikaango, 240 nyingine. Tumefika 1,200, na hatujahesabu kuku wala yai. Ukitaka kuzipata kalori 660 za korosho kutoka kwenye kiazi kitamu cha kuchemsha, inabidi umalize zaidi ya robo tatu ya kilo, na huko katikati tumbo litakuwa limeshakuomba msamaha. Gramu ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga ina nne. Hesabu hiyo haijui zama za mawe wala za simu.

Huyo ndiye mtu anayerudi kwa kocha akilalamika kwamba nguvu zimepungua na suruali inabana. Anajibiwa kwamba bado anakula wanga kwa siri.

Tuulize basi elimu hii imetoka wapi. Mwaka 1975 daktari wa Marekani, Walter Voegtlin, alitoa kitabu kuhusu mlo wa zama za mawe. Mwaka 1985 Boyd Eaton na Melvin Konner wakaandika makala katika jarida kubwa la tiba nchini humo, na walikuwa watu makini kuliko wafuasi wao. Mwaka 2002 Loren Cordain akatoa kitabu kilichoifanya paleo kuwa biashara: nafaka hapana, kunde hapana, maziwa hapana, viazi hapana. Lakini jambo ambalo makocha wetu hawalisemi ni hili: mwaka 2005 Cordain huyohuyo, akishirikiana na kocha Joe Friel, alitoa kitabu kingine kwa ajili ya wanamichezo, na humo akalegeza kamba. Mwanamichezo aliruhusiwa wanga wakati wa mazoezi na baada yake. Mwenye dhehebu alishajua kwamba sheria yake haimfai mtu anayefanya kazi ngumu. Wafuasi wa mbali wamebaki wanakariri toleo la kwanza.

Kinachonichoma zaidi ni Wahadzabe. Kila mahubiri ya paleo lazima yafike Ziwa Eyasi, yataje wawindaji wa Yaeda Chini, yaonyeshe picha ya mtu na upinde wake, kana kwamba watu hao wanaishi kwa nyama tupu. Ni Watanzania wenzetu, hawapo kwenye makumbusho! Wanachokula kinajulikana: nyama ndiyo, lakini pia mizizi inayochimbwa na wanawake kwa vijiti, ubuyu, matunda ya porini, na asali kwa wingi. Mtafiti Frank Marlowe, aliyeishi nao na kupima vyakula vyao kwa miaka, alikuta asali peke yake inaleta takriban asilimia 15 ya kalori zao. Na mwaka 2007 George Perry na wenzake walichunguza jeni ya kimeng'enya cha mate kinachovunja wanga. Jamii zenye mazoea ya kula wanga mwingi zilikuwa na nakala nyingi za jeni hiyo kuliko zinazokula kidogo, na Wahadzabe waliwekwa kundi la wala wanga. Jina lao linauza mlo ambao wao wenyewe hawaujui, na wakati huohuo ardhi wanayochimba mizizi hiyo inamegwa na mashamba na malisho. Sijawahi kumsikia kocha akilitaja hilo.

Tena hao Wahadzabe, Herman Pontzer alipowapima matumizi ya nishati na kuchapisha matokeo mwaka 2012, wanaume walikuwa na wastani wa uzito wa kilo 51 hivi. Ni nani kati yenu anayelipia jimu ili abaki na kilo 51? Na Pontzer alikuta jambo la kushangaza: pamoja na kutembea na kuchimba siku nzima, nishati wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haizidi ya mtu wa mjini Marekani. Hii iwafikie wale wanaosema "mimi napiga vyuma, naweza kula chochote." Saa moja ya vyuma haikupi leseni ya sahani ya pili.

Na nafaka je, ni uzushi wa juzi? Mwaka 2009 Julio Mercader alitangaza kwamba zana za mawe kutoka pango la Ngalue, mkoa wa Niassa, Msumbiji, zilikuwa na chembe za wanga, nyingi za mtama wa porini, za miaka karibu 100,000 iliyopita. Niassa ni jirani yetu, ng'ambo ya Ruvuma. Wapo wataalamu wanaobisha kama mtama huo ulikuwa chakula hasa, na ubishi huo ni wa haki. Lakini korosho, ambayo paleo imeikumbatia? Ilitoka Brazili, ikaletwa pwani yetu na Wareno. Hakuna babu wa zama za mawe wa Mtwara aliyewahi kuiona. Karanga imekatazwa kwa sababu ni jamii ya kunde, korosho imeruhusiwa kwa sababu si kunde, na mtama wa Afrika umeambiwa hauna asili. Huo ni ushirikina uliovaa koti jeupe.

Maharage nayo yanadaiwa kuwa na sumu, na kweli, maharage mabichi yana sumu. Ndiyo maana bibi aliyaloweka usiku kucha, akamwaga maji, akayachemsha sawasawa. Kuchemka kunaiharibu. Maziwa yana hoja yenye nguvu kidogo, kwa sababu wapo wanaosumbuliwa nayo tumboni, hao waache. Lakini Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wana mabadiliko yao wenyewe ya jeni, tofauti na ya Wazungu, yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani. Umkataze Mmasai maziwa kwa kitabu cha Cordain?

Basi anayetaka kubaki na chakula kisicho cha kiwandani na bado anenepe msuli badala ya tumbo, afanye hivi. Aanze na protini: gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha wengi wanaojenga msuli. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 112. Mayai matatu, gramu 150 za kuku aliyepikwa, kipande cha samaki cha kiasi hichohicho na kikombe cha maharage vinamfikisha hapo, bila unga wa kopo la bei mbaya. Asiye na pesa ya kuku akimbilie dagaa, wana protini nyingi kuliko sifa zao.

Wanga urudi mezani, hasa mlo wa kabla ya vyuma na wa baada ya vyuma: kiazi kitamu, muhogo, gimbi, ndizi, vya kuchemsha au kuchoma. Muhogo wa kukaanga ni habari nyingine. Siku ya kupumzika punguza kipande, usikifute. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye chupa. Korosho zihesabiwe kabla ya kukaa nazo. Asali ni chakula cha Mhadzabe aliyepanda mbuyu kuifuata, na wewe umeifuata kabatini. Mwenye kisukari au figo mbovu asimsikilize kocha wala mimi, aende kwa daktari wake.

Kuongeza msuli kunahitaji chakula cha ziada, lakini kidogo, kalori 200 hadi 300 juu ya mahitaji ya siku, si 1,200 za korosho na parachichi. Mgeni wa vyuma akiongezeka kilo moja kwa mwezi amefanya kazi nzuri. Akiongezeka nne, nyingi ni mafuta, hata aziite msuli. Pima kiuno kwa futi ya fundi nguo kila Jumapili asubuhi kabla ya kula, na uandike uzito ulioinua wiki hiyo. Kiuno kikipanda huku chuma kimesimama, punguza mafuta kwanza. Chuma kikipanda na kiuno kimetulia, usibadilishe kitu chochote, na kocha akikuambia uache muhogo, mdai arudishe ada yako.